Jiwe na Mabano Yake: Kuyaelewa Maonyesho ya Makumbusho ya Maandishi, Athens

Watu wengi wanaofika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens huingia kwa mlango mkubwa wa mbele, hujazana kwenye dhahabu za Mykene na sanamu za shaba, kisha hutoka kwenda kutafuta chakula. Jengo hilohilo lina mlango mwingine upande wa kusini, kwenye Mtaa wa Tositsa, na huko msongamano hakuna. Ndiko yaliko Makumbusho ya Maandishi, yaliyoanzishwa mwaka 1885. Yana maandishi zaidi ya 14,000, karibu yote ya Kigiriki, na duniani hakuna makumbusho ya aina hiyo yanayoyazidi kwa ukubwa. Dhahabu hakuna hata chembe. Kuna marumaru iliyovunjika na kuliwa na mvua, na juu yake herufi zilizobanana bila nafasi kati ya neno na neno.

Mgeni asiyeandaliwa hupita humo kwa dakika chache akaona ameyamaliza. Simlaumu. Sehemu kubwa ya kinachoonyeshwa humo haionekani kwa macho. Kila jiwe limefika na mzigo wa hoja: nani aliunganisha vipande, nani alisoma herufi iliyofutika, nani aliamua jiwe ni la mwaka gani, na nani alimpinga. Asiyezijua hoja hizo ameona marumaru tu.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini waliandika juu ya mawe? Jiwe halikuwa faili la serikali. Athens ilipokuwa na demokrasia, uamuzi wa mkutano wa wananchi ulihifadhiwa kwa mafunjo au mbao, na hizo zote zimeoza. Baadhi tu ya maamuzi ndiyo yaliyoamriwa yachongwe na kusimamishwa hadharani, mara nyingi juu ya Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens, miungu na watu wayaone. Gharama mara nyingi ilitajwa humohumo kwenye jiwe. Katika hati ya muungano wa pili wa Athens, ya mwaka 378/7 KK, ambayo imo kwenye makumbusho haya, katibu anaagizwa aandike uamuzi kwenye bamba la jiwe na watunza hazina wa mungu Athena watoe drakma 60, yaani sarafu za fedha za Athens, kwa kazi hiyo. (Mwaka huandikwa hivyo, kwa namba mbili, kwa sababu mwaka wa Athens ulianza katikati ya kiangazi.)

Baadaye mji ulibadilika mikono, na mawe yakawa mawe tu. Yalijengewa kuta na makanisa, yakawekwa vizingiti vya milango, mengine yakachomwa yakawa chokaa. Kwa hiyo yanayofika makumbusho ni makombo ya karamu kubwa, na kazi ya mtaalamu huanzia hapo.

Ugumu wa kusoma si wa leo. Kuna madhabahu moja humo ambayo Peisistratos, mjukuu wa mtawala wa mabavu mwenye jina hilohilo, aliiweka wakfu kwa Apollo. Alikuwa arkoni, yaani afisa mkuu ambaye mwaka uliitwa kwa jina lake, mwaka 522/1 KK. Karibu karne moja baadaye mwanahistoria Thucydides aliinukuu madhabahu hiyo: Peisistratos mwana wa Hippias ameweka ukumbusho huu wa utumishi wake katika uwanja mtakatifu wa Apollo. Akaongeza kwamba maandishi yake bado yanaonekana, ila kwa herufi hafifu. Mwaka 1877 vipande vya madhabahu hiyo viliokotwa karibu na mto Ilissos, na maneno ni yaleyale. Kinachotatiza ni kwamba herufi si hafifu hata kidogo. Zimechongwa kwa ustadi, zina kina, na mtu akisimama mbele yake leo anaziona vizuri.

Je, Thucydides alikuwa na macho mabovu? Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya rangi. Herufi za mawe zilijazwa rangi, mara nyingi nyekundu, na rangi hiyo ndiyo iliyomwezesha mpita njia kusoma kwa mbali. Madhabahu ilipofikia umri wa karne moja, rangi ilikuwa imechujuka. Kwa hiyo hata jiwe zima ndani ya makumbusho haya limepungukiwa. Weupe tunaousifu ni upungufu.

Sasa mabano. Angalia jiwe la karne ya 5 KK kwa utulivu na utaona herufi zimepangwa kama miraba ya daftari la hesabu: kila herufi imekaa chini ya mwenzake, safu kwa safu, bila kujali neno limeishia wapi. Mpangilio huo ni uzuri wa wachongaji wa Athens, na kwetu ni msaada mkubwa. Ikiwa kila mstari una herufi 30 na jiwe limevunjika baada ya ya 19, basi zilizopotea ni 11. Ongeza ukweli mwingine: maamuzi ya mkutano yalifuata maneno ya kawaida, kwamba baraza na wananchi wameamua, kabila fulani lilikuwa zamu, fulani alikuwa katibu, fulani alikuwa mwenyekiti, fulani alitoa hoja. Mtaalamu anayejua maneno hayo na anayejua nafasi ni 11 anaweza kujaza pengo kwa uhakika wa kutosha.

Anachojaza hukiweka ndani ya mabano ya mraba. Herufi inayoonekana nusu, ambayo ingeweza kuwa nyingine, huwekewa nukta chini yake. Kanuni hizi zilikubaliwa Leiden mwaka 1931 na zinatumika mpaka leo. Ukishika hizo mbili tu unaweza kufungua kitabu chochote cha maandishi ya kale na kujua nini kipo kwenye jiwe na nini kimetoka kichwani mwa msomi. Bahati mbaya, mabano huwa na tabia ya kupotea njiani. Msomi wa kwanza anayaandika kwa uangalifu, wa pili ananukuu tafsiri, wa tatu anajenga hoja juu ya tafsiri ile, na neno ambalo halijawahi kuonekana na mtu yeyote aliye hai linakuwa ushahidi. Ukisikia mtu anasema "maandishi ya kale yanathibitisha", muulize kwanza kuhusu mabano.

Kuhusu jinsi ya kusoma lenyewe, zana ya zamani bado haijapitwa. Karatasi ya chujio hulowanishwa, hulazwa juu ya jiwe na kupigwa kwa brashi ngumu mpaka iingie ndani ya kila herufi, kisha huachwa ikauke. Ikibanduliwa ina umbo la jiwe zima, ni nyepesi, na mtu wa Berlin au Oxford anaweza kuigeuzageuza kwenye taa iliyoinamishwa mpaka mkwaruzo uliofichika utoe kivuli. Picha za kidijitali zimeongezwa juu yake, hazijaiondoa.

Jiwe la malimbuko

Kitu kinachotawala makumbusho haya ni bamba la marumaru lenye kimo cha kama mita 3 na nusu, limeandikwa pande zote nne. Athens na miji ya Aegean iliungana mwaka 478 KK dhidi ya Uajemi, na hazina ya muungano ilikuwa kisiwa cha Delos. Mwaka 454 KK hazina hiyo ilikuwa imehamishiwa Athens, na muungano ukazidi kuonekana kama himaya. Kila mji ulileta ushuru wa mwaka, na sehemu moja kati ya 60 ilitolewa malimbuko kwa Athena. Bamba hili ni orodha ya malimbuko hayo kwa miaka 15, kuanzia 454/3.

Watu huchanganya hapa: namba zilizochongwa si ushuru bali ni malimbuko. Ukitaka ushuru, zidisha kwa 60. Na unaweza kujaribu mwenyewe, kwa sababu namba za Athens husomeka baada ya dakika mbili za mazoezi. Mstari mmoja wima ni 1, Δ ni 10, Η ni 100, Χ ni 1,000. Π ni 5, na ikibeba Δ ndogo tumboni ni 50. Mji wenye alama Η kando ya jina lake ulitoa malimbuko ya drakma 100, kwa hiyo ulilipa drakma 6,000, ambazo ni talanta 1 kamili. Ukisogea safu kwa safu unaona wadogo waliolipa vijisenti na wakubwa waliolipa talanta nyingi, na unaona miji inayopotea mwaka fulani na kurudi baadaye.

Bamba lenyewe lilifika likiwa vipande karibu 180. Vipande hivyo vimepachikwa ndani ya umbo la jasi, na mpaka kati ya marumaru na jasi unaonekana wazi. Mmarekani Benjamin Meritt, Malcolm McGregor na Mwingereza H. T. Wade-Gery walilifanyia kazi kwa miaka mingi, wakatoa juzuu 4 kati ya 1939 na 1953. Hesabu yao ilionyesha jambo la ajabu: mwaka mmoja hauna orodha, na waliuweka kwenye 449/8. Walieleza kwamba mwaka huo ushuru haukutozwa, kwa sababu vita na Uajemi ilikuwa imekwisha kwa makubaliano. Msomi mwingine wa Marekani, W. Kendrick Pritchett, alikataa. Alichunguza sehemu ya juu ya bamba na kudai kwamba huenda kulikuwa na jiwe jingine la taji juu yake, limepotea, na orodha ingeweza kuwa huko. Ona ukubwa wa kilichotegemea umbo la kichwa cha jiwe: kama orodha haikuwapo, tuna dalili kwamba himaya ilisita mwaka mmoja kutoza ushuru bila vita. Kama ilikuwepo juu ya taji, dalili hiyo inayeyuka. Walibishana kwa makala za kiufundi kuhusu mashimo na mikato, kwa ukali ambao mtu wa nje angeweza kuushangaa. Mimi naona ukali ule ulistahili.

Sigma ya mistari mitatu

Kama una muda wa kujifunza ubishi mmoja tu wa fani hii, basi huu. Kuna jiwe lililochakaa vibaya, mkataba kati ya Athens na Egesta, mji wa Sisilia. Mkataba ulitaja jina la arkoni, na jina hilo ndilo lingetupa mwaka. Herufi mbili za mwisho zinasomeka bila shaka: -ON. Maarkoni wenye majina yanayoishia hivyo ni kadhaa. Wasomi wengi walisoma Habron, mwaka 458/7. Wengine waliona Antiphon, 418/7. Tofauti ni miaka 40.

Kilichoamua kwa muda mrefu haikuwa jina bali herufi moja, S. Wachongaji wa zamani waliiandika kwa mistari mitatu, iliyopinda kama radi. Baadaye wakaongeza mstari wa nne, ndiyo Σ tunayoijua. Katika mawe yenye tarehe za uhakika, sigma ya mistari mitatu ilionekana kukoma kabla ya 445 KK hivi. Basi ikawa kanuni: jiwe lolote la serikali lenye sigma ya namna hiyo ni la kabla ya hapo. Jiwe la Egesta linayo. Kwa hiyo Habron, na mjadala ukafungwa.

Kuanzia mwaka 1961 Harold Mattingly, mwanahistoria wa Uingereza, alianza kuuliza swali ambalo lilionekana la utundu: je, mchongaji mzee aliyezoea mistari mitatu alilazimika kuacha siku moja? Alitaka maamuzi kadhaa makali ya Athens, ukiwemo ule uliolazimisha miji mingine itumie sarafu, mizani na vipimo vya Athens, yahamishwe kutoka enzi ya Perikles, kiongozi wa Athens katikati ya karne ya 5, hadi miaka ya 420 KK. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miongo mitatu, na kanuni ya sigma ndiyo iliyokuwa ngao yao.

Mwaka 1990 Mortimer Chambers na wenzake wawili, Gallucci na Spanos, walichapisha matokeo ya kuliangaza jiwe la Egesta kwa leza na kuchakata picha kwa kompyuta. Walisoma Antiphon. Si wote waliokubali: Alan Henry, kwa mfano, aliutilia shaka usomaji huo wa mashine. Mwaka 2004 Angelos Matthaiou, Mgiriki aliyebobea katika maandishi ya Attika, eneo la Athens, alichapisha usomaji wake mwenyewe wa jiwe, na yeye pia akapata Antiphon. Leo wengi wamekubali 418/7.

Kukubali mwaka mmoja kuliangusha kanuni nzima. Kama sigma ya zamani ilikuwa bado inachongwa mwaka 418, mawe yaliyowekwa katikati ya karne kwa sababu yake hayana tena nanga. Kila moja lazima liamuliwe upya kwa maudhui yake. Swali lenyewe si dogo: je, ukali wa Athens kwa washirika wake ulikuwa mpango wa Perikles wakati wa amani, au ulikuja na vita na wanasiasa waliomfuata? Vilevile safari ya kivita ya Athens kwenda Sisilia, iliyoishia kwa maafa, ya mwaka 415, inaeleweka vizuri zaidi kama mkataba na Egesta ulikuwa wa miaka mitatu nyuma badala ya miaka 40. Na chanzo cha yote ni mistari mitatu au minne kwenye jiwe ambalo watalii hulipita bila kugeuka.

Jiwe halali, maneno ya shaka

Usidhani basi kwamba jiwe likishasomeka mambo yamekwisha. Mwaka 1959 Michael Jameson aliona huko Troizen, upande wa pili wa ghuba, bamba lililokuwa limekusanywa na wanakijiji, akalichapisha mwaka 1960. Linasomeka vya kutosha. Ni uamuzi wa Themistokles, kiongozi wa Athens, wa mwaka 480 KK, Waajemi walipokuwa wanakuja: wanawake na watoto wapelekwe Troizen, wazee na mali Salamis, na meli 200 ziandaliwe. Fikiria furaha ya siku ile. Lakini umbo la herufi ni la karne ya 3 KK, zaidi ya miaka 180 baada ya tukio. Mwanahistoria Herodotus anaweka uamuzi wa kuhama mji baada ya mapigano ya majini ya Artemision dhidi ya Waajemi. Jiwe linauweka kabla. Tena Themistokles anatajwa kwa jina la baba yake na la mtaa wake, adabu ya kiofisi ambayo maamuzi ya mapema hayana. Je, ni nakala iliyonyooshwa lugha na vizazi vya baadaye, au ni utunzi wa kizalendo wa karne ya 4? Mimi naegemea katikati: kiini cha zamani, mavazi mapya. Jiwe ni halisi kabisa, na hilo halijibu swali.

Hati ya 378/7 niliyoitaja juu ina fumbo la aina nyingine. Humo Athens inaahidi miji itakayojiunga kwamba haitaweka askari wala gavana, haitatoza ushuru, na Mwathene hataruhusiwa kumiliki ardhi kwao. Kwa maneno mengine, inaahidi kutorudia bamba la malimbuko. Mistari michache karibu na mwanzo imekwanguliwa makusudi. Wengi wanadhani ilitaja amani iliyosimamiwa na mfalme wa Uajemi, na siasa zilipogeuka ikawa aibu kuiacha. Kuna mtu aliyelipwa kupanda na patasi na kuifuta.

Kwenye makumbusho hayahaya kuna pia meza ya marumaru kutoka Salamis, iliyopatikana 1846, yenye urefu wa sentimita 149 na upana wa 75, imechorwa mistari sambamba na safu za namba zilezile. Karibu kila mtu anaiita ubao wa kuhesabia, na huenda wako sahihi, ingawa kulikuwa na waliosema ni ya mchezo.

Mishahara ya Erechtheion

Nimeyaacha mwisho mawe ninayoyapenda kuliko yote, hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, juu ya Akropoli. Hapa ubishi wa tarehe haupo kabisa, maana mwaka wa 408/7 uko wazi. Kilichopo ni watu. Ukanda wa sanamu uliozunguka hekalu ulilipiwa kwa kichwa, drakma 60 kwa kila sanamu. Phyromachos wa mtaa wa Kephisia: kijana aliye kando ya dirii, 60. Praxias anayeishi Melite: farasi na mtu anayeonekana nyuma yake akimgeuza, 120. Antiphanes wa Kerameis: gari, kijana na farasi wawili wanaofungwa nira, 240. Mynnion anayeishi Agryle: farasi na mtu anayempiga, kisha akaongeza nguzo, jumla 127. Ile nguzo ilimletea drakma 7, na mhasibu hakuisahau. Vipande vya sanamu za ukanda huo vipo Makumbusho ya Akropoli.

Angalia maneno "wa mtaa" na "anayeishi". Wa kwanza ni raia. Wa pili ni mgeni mkaazi asiye na kura. Kundi la tatu halina mtaa wala makazi, lina jina la mwenye mali tu. Katika timu zilizochonga mifereji ya nguzo yumo Simias, mgeni mkaazi wa Alopeke, na pamoja naye watumwa wake, mfano Sannion wa Simias. Malipo yao ni sawa au karibu sawa na ya walio huru. Msanifu wa jengo naye anapata drakma 1 kwa siku, kiwango kilekile cha wapasua mbao.

Wapo waliosoma hapo usawa wa ajabu kati ya raia, mgeni na mtumwa. Wengi wa wasomi wanaona drakma za Sannion zilikwenda kwa Simias, na kwamba usawa ule ulikuwa wa kazi, si wa mtu. Kilichoandikwa ni jina na kiasi. Nani aliondoka na fedha jioni, karani hakuona haja ya kukiandika.